Gemu za kutembea dunia, na Mombasa iliyomo ndani yake

Zipo gemu za kompyuta ambazo mchezaji hutembea katika mahali palipo kweli duniani: anapanda majengo, anatafuta njia, anajua historia ya mji. Nitataja tatu, maana ya mwisho inatuhusu sisi wa Pwani.

Ya kwanza ni Assassin's Creed Unity ya kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa, iliyotoka 2014. Mchezaji huzunguka Paris ya wakati wa mapinduzi ya karne ya 18 na kulipanda kanisa la Notre-Dame. Kanisa hilo lilipoungua Aprili 15, 2019, Ubisoft iliitoa gemu hiyo bure kwa wiki moja na kuchangia euro 500,000 za ukarabati.

Ya pili ni Discovery Tour ya Misri ya kale, iliyotoka Februari 2018. Vita vimeondolewa kabisa. Kuna ziara 75 zenye maelezo, na hata mwalimu anaweza kuzitumia darasani.

Ya tatu ni Halo 3: ODST ya 2009. Hii ni ya vita, lakini mji wake ni "New Mombasa" wa mwaka 2552, na sehemu zake mbili zimeitwa Kizingo na Kikowani. Mkaazi wa Kikowani akiicheza hakuti mtaa wake. Anakuta maghorofa ya kubuni na maadui kutoka anga za juu. Wamechukua majina, mji wameuacha.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye kazi. Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596. Mji wa Kale wa Lamu uko katika orodha ya urithi ya UNESCO tangu 2001, na Gede imeingia 2024. Majengo yanaweza kupimwa hata kesho. Lakini ni nani alikaa nyumba gani, kichochoro kiliitwaje na mlango ulichongwa na fundi yupi, hayo wanayo wazee, nao wanatutoka mmoja mmoja.

Vijana wetu wanaosomea kompyuta waanze na mtaa mmoja: wapige picha, wachore ramani, wawarekodi wazee barazani, kwa idhini yao. Tusipofanya hivyo, wajukuu wakitaka kuitembea Mombasa ya zamani kwenye kompyuta, watapewa ile ya mwaka 2552.