Hatari za kununua hisa za kiwanda kidogo cha bia

Mkenya aliyezoea harambee hutoa mchango akijua pesa hizo hazirudi. Anayechangia mtaji wa kiwanda kidogo cha bia kupitia intaneti huahidiwa zaidi: hupewa hisa, na pengine punguzo la bei ya kinywaji. Hapo ndipo wengi hukanganyikiwa, kwani mapenzi ya bia si kipimo cha thamani ya kampuni.

Mfano unaojulikana sana ni wa BrewDog, kampuni iliyoanzishwa Uskoti mwaka 2007 na James Watt na Martin Dickie. Mnamo 2009 ilianza kuwauzia wanywaji hisa kwa mpango uitwao Equity for Punks, na kwa miaka iliyofuata makumi ya maelfu ya watu walijiunga.

Mwaka 2017, TSG Consumer Partners ya Marekani iliwekeza takriban pauni milioni 213 na kupata asilimia 22 hivi ya kampuni, ambayo sasa ilikadiriwa kuwa na thamani ya pauni bilioni moja. Wachangiaji wadogo walishangilia. Lakini hisa za TSG zilikuwa na kipaumbele: kampuni ikiuzwa, mwekezaji huyo angelipwa kwanza, pamoja na faida ya asilimia 18 kila mwaka, inayolimbikizwa. Kwa hesabu hiyo, kila pauni 100 hudai takriban 194 baada ya miaka minne, na 376 baada ya minane. Mnywaji mwenye hisa za kawaida hugawiwa makombo, yakiwapo.

Isitoshe, hisa za aina hii haziuzwi katika soko la hisa, hivyo mwenye shida ya pesa hana mnunuzi wa haraka. Na kila kampuni inapotoa hisa mpya, fungu la mwanahisa wa zamani hupungua.

Biashara yenyewe nayo ni nzito. Matangi ya chuma hugharimu pesa nyingi kabla ya chupa ya kwanza kuuzwa, na ushuru hudaiwa hata kama baa haijalipa.

Nchini Kenya, kanuni za uwekezaji wa aina hii zilitolewa mwaka 2022, chini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji (CMA). Jukwaa la kuchangisha sharti liwe na leseni. Leseni hiyo, hata hivyo, haidhamini kwamba bia itanunuliwa.