Nyumba Ilipokuwa Chuo: Habari za Handeni na Korogwe



Wako wazazi wa namna mbili siku hizi, na huenda wewe u mmoja wao. Wa kwanza humpeleka mtoto shule asubuhi na madrasa alasiri, akalipa ada, kisha akaona deni lake limekwisha. Wa pili, kwa kuchukizwa na mambo ayaonayo, husema bora mtoto akae nyumbani asomeshwe na baba yake na mama yake, shule haina haja. Wote wawili nawaomba tufuatane mpaka Handeni na Korogwe, kwa kuwa watu wa nchi ile wamekwisha pita katika njia hizi zote.

Uislamu ulipanda kule kwa miguu. Ulitoka Pangani na Saadani pamoja na misafara, ukafuata bonde la Mto Pangani na njia za Uzigua, ukalala walipolala wapagazi. Huko Mazinde, juu ya njia hiyo, Semboja mwana wa Kimweri alijenga mji wake, na karani wake akawa Abdallah bin Hemedi, ambaye baadaye aliandika Habari za Wakilindi. (Ajabu ni kwamba kitabu hicho cha Mwislamu kilipigwa chapa na wamisheni wa Magila.) Lakini watu kama Abdallah walikuwa wachache. Mji ulioweza kumweka mwalimu mwenye chuo barazani ulikuwa na bahati. Kwingineko, aliyejua herufi ndiye aliyewafundisha wanawe: ubao, kalamu ya mwanzi, wino wa masizi, alifu mpaka ye, kisha Juzuu Amma. Ubao ukijaa, huoshwa ukaanza upya. Na watoto wa kike, ambao wengi hawakupelekwa barazani, walisoma kwa mama zao kama mama anajua. Kama hajui, walipata Sala na adabu, na hiyo nayo ni elimu.

Kisha zikaja shule za namna nyingine. Misheni ya Kiingereza ya UMCA ilianza Magila mwaka 1868, ikaenea mpaka Korogwe, na Handeni ikajenga Kideleko. Wadachi nao wakafungua shule ya Serikali Tanga katika miaka ya 1890, na reli ikafika Korogwe mwaka 1902. Tangu hapo kujua kusoma hati ya Kizungu kukawa ndiyo njia ya ukarani, na chuo chetu kikaonekana hakina faida ya dunia.

Walipokuja Waingereza jambo likawa gumu zaidi. Ruzuku ya Serikali ilikwenda kwa shule zilizotimiza masharti yake, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za misheni. Chuo cha Kurani hakikuhesabiwa kuwa shule. Basi mzazi wa Kiislamu akasimama njia panda. Wapo waliowazuia watoto wao kabisa, kwa kuhofia dini yao, na hofu hiyo haikuwa ya bure. Wapo waliowapeleka, kisha kila jioni wakawasomesha wenyewe nyumbani. Siwalaumu wale wa kwanza, kwani walichagua dini. Lakini tusifiche matokeo: nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, watoto wa Kiislamu katika shule za sekondari walikuwa wachache mno, na Jumuiya ya Waislamu ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1945 ilikuwa bado inahangaika kujenga shule ilipovunjwa mwaka 1968. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ndiyo iliyozitia shule za misheni mkononi mwa Serikali, na mlango ukafunguka. Wale waliosomeshwa jioni walikuwa tayari kuingia. Waliozuiwa, umri ulikwisha wapita.

Sasa nisikilize habari nyingine ya Uzigua, ambayo kwangu ndiyo kubwa kuliko zote.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 njaa kali iliingia Uzigua. Watu wengi wakaangukia mikononi mwa wafanya biashara ya watumwa, wakapakiwa majahazini mpaka pwani ya Banadiri, wakalimishwa mashamba ya Mto Shabelle. Wengi wakatoroka, wakakimbilia misitu ya Mto Juba. Mapokeo yao yanamtaja mwanamke aitwaye Wanakhucha kuwa ndiye aliyewaongoza kutoka. Huko msituni hapakuwa na shule, wala Serikali ya kuwapa kitabu, na majirani waliwadharau. Uislamu waliupokea huko huko Somalia, kwa masheikh wa tariqa. Watumwa wenzao wa makabila mengine, kama Wayao na Wamakua, wengi walipoteza lugha za kwao. Wazigua hawakupoteza. Mama alimwambia mtoto kwa Kizigua, na mtoto alipokuwa mama akamwambia wake. Walihifadhi majina ya koo zao za upande wa mama, na walijua kuwa kwao ni Uzigua, nchi ambayo hapana hata mmoja kati yao aliyepata kuiona.

Vita vilipoanguka Somalia mwaka 1991, wakakimbia, na baadhi yao wakaja Tanga kwa bahari. Serikali ya Tanzania ikawapokea Mkuyu, wilayani Handeni, na tangu mwaka 2003 wakapewa ardhi Chogo, wilaya hiyo hiyo, kisha uraia. Wenyeji waliposema nao, wakaelewana. Zaidi ya miaka 150 imepita, na mzee wa Handeni anasemezana na mgeni wa Juba! Hakuna mtihani uliowapima watu hawa, wala cheti. Kilichofanya kazi yote hiyo ni kinywa cha mzazi.

Utaniuliza: basi na mimi nimtoe mtoto shuleni? La. Kwanza ni sheria: Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamlazimu mtoto aliyetimiza miaka saba kuandikishwa na kuhudhuria shule ya msingi, na mzazi anayemzuia anaweza kushitakiwa. Pili, watu wa Juba hawakuikataa shule, hawakuwa nayo. Nyumba iliwapa lugha na nasaba, lakini hesabu na utabibu haikuweza.

Wewe mzazi wa kwanza, nawe soma Sura ya Luqman. Yule mzee hakumtuma mwanawe kwa mwalimu. Alimkalisha mwenyewe, akaanza na kumpwekesha Mwenyezi Mungu, akaja kwenye Sala na subira, akamalizia na namna ya kutembea na kiasi cha sauti. Tazama mambo hayo ya mwisho. Mwalimu mwenye watoto sitini darasani atayaona wapi?

Mtoto wa kwetu akirudi madrasani jua limekaribia kutua. Baina ya Magharibi na Isha huwa yupo nyumbani, na mara nyingi baba yuko barazani na mama yuko mbele ya televisheni. Muda huo haufiki saa moja na nusu. Msikilize alichosoma, mwulize maana, msahihishe Fatiha yake, mwambie babu yake alikuwa nani na alitoka wapi. Wino wa masizi hatuuhitaji tena. Daftari moja linatosha mwezi mzima.