Nukta mbili za Windows: historia fupi ya make ndani ya Cygwin

Wandugu, wakati niliandika programu ya TFC yangu, masini yangu ilikuwa ya Windows na kodi nilipewa ilikuwa ya Unix. Rafiki mmoja akanipa Cygwin ya zamani kwenye flashi, juu mega za kuipakua sikuwa nazo. Nikaiweka, nikaandika make. Ikakataa, ikilalamika kwamba mstari mmoja una malengo mengi. Usiku mzima niko naangalia ule mstari. Njo pale nilianza kufuatilia historia yake.

Make iliandikwa na Stuart Feldman kule Bell Labs, Marekani, mwaka 1976. Mwenzake alikuwa amepoteza asubuhi nzima akitafuta kosa alilokwisha kulirekebisha. Alisahau tu kukompaili faili upya. Feldman akataka masini yenyewe ifuate tarehe za mafaili na ijenge kile kilichobadilika. Unaandika jina la kitu unachojenga, nukta mbili, kisha vile kinavyotegemea. Mstari wa amri chini yake lazima uanze na tab. Tab, hapana nafasi nane! Feldman alieleza baadaye kwamba aliuona ubaya huo mapema, ila tayari alikuwa na watumiaji kama 12 na hakutaka kuwaharibia kazi. Watu 12 tu, na sisi tungali tunateseka.

Cygwin ilikuja 1995, ikianzishwa na Steve Chamberlain wa kampuni Cygnus. Ni DLL moja inayopokea maombi ya Unix na kuyageuza kuwa ya Windows. Kutengeneza pakiti yake, unachukua kodi ya asili, unaikompaili humo, unabandika viraka pale inapohitajika, unafunga yote pamoja na maelezo ya vitu inavyotegemea. Inaonekana raisi. Lakini Windows inaandika C:\kazi, na make ikiona nukta mbili inadhani jina la lengo limeisha. Cygwin yenyewe inaandika /cygdrive/c/kazi, bila nukta mbili.

Kwa muda, pakiti ya GNU Make ya Cygwin ilibeba kiraka cha kuifanya ielewe njia za Windows. Mwaka 2006 ikatoka 3.81, kiraka hakimo. Watu wenye Makefile zilizojaa C: wakakuta kazi imesimama, wengi wakabaki na 3.80. Upande wa pakiti wakajibu: hapa ni mazingira ya Unix, anayetaka njia za Windows achukue make ya MinGW.

Mwanzo nilikasirika. Feldman alivumilia tab kwa ajili ya watu 12, na hawa wanaacha umati? Lakini kiraka hakibandikwi mara moja. Kila toleo jipya mtu anakaa, anakirekebisha, anakijaribu tena, mara nyingi bila mushahara. Mzigo wa tab Feldman aliutupia watumiaji wote wa kesho. Huu wa C: ulikuwa mgongoni mwa mtu mmoja. Bado naona wangetoa onyo mapema zaidi, hata hivyo siwezi kusema walikosa haki.

Mstari wangu ulitoka ndani ya faili ya utegemezi, iliyoandikwa na kompaila ya Windows. Niliipitisha njia yake kwenye cygpath, ikawa /cygdrive/c, make ikaenda. Siku ya kutetea, jury haikuuliza chochote juu ya huo mstari.