Mizani Haisemi Yote: Historia ya Kupunguza Mafuta na Kujenga Misuli



Kila baada ya Ramadhani, na kila mwenzetu anapotoka arobaini, swali huwa ni lile lile: narudi kwenye mazoezi, nianze kupunguza mafuta au nianze kujenga misuli? Jibu la mtaani ni jepesi: funga mdomo, tembea sana, mizani itashuka. Na kweli inashuka. Baada ya miezi mitatu mtu kapungua kilo kumi, lakini ngazi zinamshinda, ndoo ya maji inamtoa jasho, na mwaka ukigeuka kilo zote zimerudi na nyengine juu yake. Leo tuangalie namna watu walivyokuja kujua kuwa uzito ni kitu kimoja na mafuta ni kitu chengine. Elimu hii imechukua miaka kama mia nne, na kila hatua ina funzo kwetu.

Kwanza, mbio mbili za Bibi Aisha

Kabla ya wataalamu wa Ulaya, tuanze nyumbani kwa Mtume wetu s.a.w. Imepokewa na Abu Dawud kwamba Bibi Aisha r.a. alikuwa safarini na Mtume, wakashindana mbio kwa miguu, akamshinda. Baadaye, alipokuwa ameongezeka mwili, wakashindana tena, na safari hii Mtume akamshinda, akamwambia kuwa ushindi huu ni kwa ule wa mwanzo.

Tunapenda kuisimulia hadithi hii kwa ajili ya mapenzi yao, na ni sawa. Lakini tazama na upande mwengine. Mwanamke ameongezeka mwili, hakuambiwa akae ndani ajifiche. Alikaribishwa mbio kama zamani, akakimbia, akashindwa, na mambo yakaishia kwenye utani. Ndivyo inavyopasa tumpokee dada anayerudi mazoezini baada ya muda mrefu.

Mtu aliyekula juu ya mizani

Mwaka 1614 daktari wa Italia aitwaye Santorio Santorio alitoa kitabu juu ya mizani na mwili. Alitengeneza kiti kilichoning'inizwa kwenye mizani kubwa, na kwa muda wa miaka kama 30 alijipima mwenyewe: kabla ya kula na baada ya kula, alichokula, alichokunywa na kilichotoka. Aliona kuwa kinachotoka chooni ni kidogo sana kuliko kilichoingia mdomoni. Kilichobaki, alisema, kinatoka bila kuonekana, kwa ngozi na pumzi.

Kutoka kwake tumepata mazoea ya kupima mwili kwa mizani. Funzo lake la kwanza bado lipo: uzito wa asubuhi na wa jioni si mmoja, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni maji na chakula. Kwa hiyo ukiona kilo mbili zimeondoka siku tatu baada ya kuanza kujinyima, usifurahi sana, mafuta hayayeyuki kwa haraka hivyo.

Katika miaka ya 1830 Adolphe Quetelet, mtu wa hesabu na nyota wa Ubelgiji, alipima watu wengi akitafuta umbo la mtu wa wastani. Aliona kuwa kwa watu wazima uzito hupanda kwa kufuata kimo kilichozidishwa kwa kimo. Hakuwa na nia ya kupima unene wa mtu. Ni Ancel Keys wa Marekani aliyekichukua kipimo hicho mwaka 1972 na kukipa jina tunalolisikia kliniki hadi leo, BMI. Kipimo hicho kinafaa kwa kuangalia watu wengi kwa pamoja, lakini hakijui kama kilo zako ni za paja lenye nguvu au za tumbo.

Mwandaa mazishi wa London

William Banting alikuwa mtu wa London, ukoo wao ukiandaa mazishi ya wafalme wa Uingereza. Uzeeni alinenepa mpaka akashindwa kufunga viatu vyake, na ngazi akawa anashuka kinyumenyume. Daktari mmoja alimshauri apige makasia asubuhi. Akapiga, akapata nguvu kweli, lakini pia akapata njaa kubwa, akala zaidi, uzito ukaongezeka, mwisho akaacha.

Mwaka 1862 akiwa na ratili 202, karibu kilo 92, alikwenda kwa daktari wa masikio, William Harvey, kwa kuwa alikuwa hasikii vizuri. Huyu akamwambia apunguze mkate, sukari, bia na viazi, ale zaidi nyama na samaki. Kwa mwaka mmoja alipungua ratili 46, karibu kilo 21, na kiuno kikapungua zaidi ya inchi 12. Mwaka 1863 alichapisha kijitabu kueleza habari zake, kikasomwa kila mahali, na mpaka leo Waswidi wanasema "banta" wakimaanisha kujinyima ili upungue.

Kwa Banting tunaona mambo mawili. Mazoezi bila kuangalia sahani huleta njaa. Na yeye mwenyewe hakutegemea mizani tu, alipima na kiuno. Sisi mafundi cherehani hili tunalielewa vizuri. Mteja anaweza kuja na kilo zile zile za mwaka jana, ukamzungushia futi kamba kiunoni ukakuta inchi mbili zimeondoka na gauni inabidi litiwe ndani. Mizani haikuona kitu, futi imeona.

Wachezaji waliopimwa majini

Mwaka 1942 Albert Behnke, daktari wa jeshi la majini la Marekani, na mwenzake Welham walichapisha uchunguzi wa wachezaji 25 wa mpira wa Kimarekani. Kwa majedwali ya kimo na uzito ya wakati ule, 17 kati yao walihesabika wazito mno, hawafai kuwa askari. Hawa walikuwa wanaume wenye nguvu kuliko wengi waliokuwa wakiandikishwa.

Behnke alitumia hila ya zamani ya Archimedes: mtu apimwe nchi kavu, kisha apimwe amezama ndani ya maji. Mafuta huelea, misuli na mifupa huzama. Mwenye misuli mingi hubaki mzito ndani ya maji, mwenye mafuta mengi huwa mwepesi. Wengi wa wale waliokataliwa na jedwali walikutwa mafuta yao ni machache. Hapo ndipo ilipothibitika kwa kipimo kuwa watu wawili wa kilo 80 wanaweza kuwa na miili miwili tofauti kabisa.

Njaa ya Minnesota

Miaka miwili baadaye, vita vikiwa vinaendelea, huyo huyo Ancel Keys alitaka kujua namna ya kuwalisha tena watu wa Ulaya waliokaa na njaa. Mwezi wa Novemba 1944 vijana 36 wa kiume, waliokataa kupigana kwa sababu ya imani zao, walijitolea katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Kwa wiki 24 walipewa chakula kama nusu ya walichozoea, huku wakitakiwa kutembea kilomita 35 hivi kila wiki.

Walipungua karibu robo ya uzito wao. Lakini hawakupungua mafuta peke yake, misuli nayo iliondoka. Nguvu zilikwisha, walihisi baridi, walikuwa wakali na wenye huzuni, na mawazo yao yote yakawa juu ya chakula. Waliporudishiwa chakula, mafuta yalirudi mbio na misuli ikachelewa nyuma. Wengi wakawa na mafuta zaidi ya walivyoanza, na njaa yao haikutulia upesi. Keys na wenzake waliyaandika yote haya katika majuzuu mawili mwaka 1950.

Dada zangu, someni tena maelezo haya halafu mfikirie kujinyima kwetu. Chakula nusu na kutembea sana, bila kitu cha kuishughulisha misuli: ndiyo dawa ile ile tunayopeana kwenye vikundi vya simu. Kilo zinazorudi baada ya mwaka hazirudi kwa uvivu wa mtu. Mwili uliokatiwa vibaya hujilipa kwanza kwa mafuta.

Askari, vyuma, na mwanamke wa ufukweni

Wakati huo huo, katika hospitali ya jeshi mjini Chicago, daktari Thomas DeLorme alikuwa na askari wengi wenye magoti yaliyoumia. Desturi ilikuwa kuwapa mazoezi mepesi ya kurudia mara nyingi, na wakikaa wodini miezi. DeLorme akawapa vyuma vizito, mara kumi kumi, na kila wiki uzito ukiongezwa kidogo. Misuli ya mapaja ikarudi upesi kuliko zamani. Aliandika matokeo yake mwaka 1945, na mwaka 1948 akapunguza mpango uwe duru tatu za mara kumi. Ukimsikia mwalimu wa mazoezi leo anasema "tatu kwa kumi", chanzo chake ni watu waliokuwa wanarudi kutoka ugonjwani.

Kwa wanawake, tumtaje Abbye Stockton wa California. Alikuwa mpokea simu, kazi ya kukaa siku nzima, akaona ananenepa, akaanza kunyanyua vyuma. Baadaye akawa maarufu kwa nguvu zake, na tangu mwaka 1944 akawa anaandika safu ya wanawake katika gazeti la kunyanyua vyuma. Wakati ule watu walisema chuma kitamgeuza mwanamke awe kama mwanamume. Yeye akaonekana mwanamke vile vile. Nguo za kufanyia mazoezi hazikuwepo madukani, mama yake akamshonea. Mavazi yale si yetu, lakini tatizo la nguo tunalijua. Mwaka 2011 Kulsoom Abdullah, Mmarekani Muislamu, aliomba aruhusiwe kushindana amejisitiri mwili mzima, na shirikisho la dunia la kunyanyua uzito likabadilisha kanuni. Mwaka 2016 huko Rio, Sara Ahmed wa Misri alipokea medali ya shaba akiwa na hijabu yake kichwani.

Na bibi zetu? Wao hawakwenda jimu, lakini mchi na kinu vilikuwa vyuma vyao. Tangu ukulima wa mwani ulipoanza visiwani kwetu mwaka 1989, wanawake wa pwani ya mashariki wamebeba magunia mabichi ambayo mtu wa mjini hawezi kuyainua. Sisi tunaokaa ofisini, dukani na kwenye cherehani ndio tuliopungukiwa na mzigo.

Misuli ina kumbukumbu

Habari njema kwa anayerudi ni hii. Mwaka 1991 Robert Staron na wenzake wa Ohio walieleza habari za wanawake sita waliofanya mazoezi ya vyuma wiki 20, wakaacha kabisa wiki 30 na zaidi, kisha wakarudi kwa wiki 6. Katika wiki hizo chache walirudisha sehemu kubwa ya kile walichokijenga kwa miezi. Ulichokijenga zamani hakijapotea chote. Na aliye mzee pia asikate tamaa: mwaka 1990 mjini Boston wazee wa umri wa miaka 90 hivi walinyanyua vyuma wiki 8, na nguvu za miguu yao zikazidi mara mbili.

Je, inawezekana kupunguza mafuta na kujenga misuli kwa wakati mmoja? Mwaka 2016 wataalamu wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, waliwachukua vijana wa kiume 40 wenye uzito uliozidi, wakawapunguzia chakula kwa asilimia 40 na kuwapa mazoezi makali siku 6 za wiki, kwa wiki 4. Kundi lililokula gramu 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili lilipungua mafuta kilo 3.5, na misuli ikabaki kama ilivyokuwa. Kundi lililokula gramu 2.4 lilipungua mafuta kilo 4.8 na likaongeza kilo 1.2 ya mwili usio mafuta. Kwa hiyo jibu ni ndiyo, ikiwa mzigo upo na protini ipo.

Tufanye nini sisi

Wale vijana walikuwa chini ya uangalizi, hatuna haja ya kuiga ukali wao. Chukua misingi tu. Nyanyua kitu kizito siku mbili au tatu za wiki, hata kama ni madumu ya maji, ukiongeza kidogo kidogo kama askari wa DeLorme. Punguza chakula kwa kiasi, khasa sukari ya chai, mandazi na wali wa pili, ili upungue kama nusu kilo kwa wiki, si zaidi. Usiondoe protini kwenye sahani: samaki, pweza, mayai, kunde, choroko, mtindi. Gramu 100 za samaki zina kama gramu 20 za protini, yai moja kama 6. Jipime kiuno kwa futi kamba kila baada ya wiki mbili, na angalia kama mzigo unaoubeba unaongezeka. Aliyejifungua karibuni, khasa kwa operesheni, au mwenye maradhi ya figo, sukari au presha, amuone daktari kwanza. Mkaja unashikilia tumbo, hauyeyushi mafuta.

Mtume s.a.w. ametufundisha theluthi ya tumbo kwa chakula, theluthi kwa maji na theluthi kwa pumzi. Hakutufundisha kulitesa tumbo mpaka lishindwe kusimama kwenye sala. Mwili ni amana, na tutaulizwa tulivyoutumia. Dada akirudi mazoezini akiwa mzito na mwenye haya, mpeni nafasi mstarini, msimuulize kilo ngapi. Muulizeni leo ameinua nini.

Wabillahi tawfiq.