Senti 50 za Kumuua Robin

Superman ya James Gunn ilipoingia kwenye majumba ya sinema Julai 2025, nilifuatilia ubishi wa mashabiki kwa wiki kadhaa, na kilichonishangaza ni jinsi muvi yenyewe ilivyokuwa haizungumziwi. Watu walikuwa wanapiga hesabu. Upande mmoja ulisema imeingiza zaidi ya dola milioni 600 duniani, kwa hivyo mambo yameisha, imeshinda. Upande wa pili, ule wa Zack Snyder, ukajibu kwamba Man of Steel ya 2013 ilikaribia milioni 670, na ukizingatia mfumuko wa bei, hizo za zamani zilikuwa na uzito zaidi. Jamaa ambaye hajui kodi ya nyumba ya mwisho wa mwezi itatoka wapi anakuchambulia thamani ya dola kama gavana wa benki kuu.

Ubishi wenyewe sina shida nao. Ubishi ni nusu ya utamu wa hizi stori. Ninachouliza ni hiki: ilikuwaje faida ya studio ikawa hoja ya shabiki? Hakuna hata senti ya hizo milioni 600 inayoshuka kwenye M-Pesa yako. Ukitaka jibu, wacha Superman kidogo, umfuate Batman, maana ndiye aliyepitia haya mambo mapema na kwa muda mrefu.

Rudi hadi 1988. Wakati huo Robin wa kwanza alikuwa ameshakua na kwenda zake, na nafasi yake ilikuwa imechukuliwa na kijana anayeitwa Jason Todd. Wasomaji wengi hawakumpenda. Walimwona mjeuri, mkaidi, hana adabu. Mhariri wa komiki za Batman, Dennis O'Neil, akaamua kuwaachia wasomaji wenyewe kesi hiyo. Kwenye hadithi iliyoitwa A Death in the Family, Joker anampiga Jason kwa mtaimbo, kisha anamwacha ndani ya jengo lenye bomu. Bomu linalipuka. Ukurasa wa nyuma ukachapishwa namba mbili za simu: moja ya kumwokoa, nyingine ya kumwacha afe. Kila simu ilikuwa senti 50. Laini zilifunguliwa kwa saa 36 mwezi wa Septemba.

Waliotaka afe: 5,343. Waliotaka aishi: 5,271. Mtoto akafa kwa tofauti ya kura 72.

Nimeitafakari hiyo namba mara nyingi. Kura 72 ni watu wa matatu chache tu. Na hatuwezi hata kusema ni watu 72, kwa sababu hakuna aliyekuzuia kupiga mara mbili, au mara hamsini. O'Neil mwenyewe alisimulia miaka ya baadaye kwamba alisikia kuna mtu aliyeiweka kompyuta yake ipige namba ya kifo tena na tena. Iwe kweli au isiwe, mpango wenyewe uliruhusu. Hapo mapema kabisa, kabla ya mtandao kufika nyumbani kwa mtu wa kawaida, sheria ya mchezo ilikuwa imeshaandikwa: maoni yako yanahesabiwa ukiyalipia, na mwenye pesa zaidi ana maoni zaidi.

Mwaka uo huo, Warner Bros. walitangaza kwamba Batman wa muvi mpya ya Tim Burton angeigizwa na Michael Keaton. Mashabiki wakawaka. Keaton alikuwa anajulikana kwa vichekesho, mfupi kiasi, hana misuli ya kutisha. Barua za kupinga zilizofika studio zilikadiriwa kuwa 50,000. Barua, bwana! Za karatasi, bahasha na stempu. Mtu aliketi, akaandika, akatembea hadi posta.

Ni rahisi kuwacheka leo, lakini hofu yao ilikuwa na msingi. Kuanzia 1966 hadi 1968, televisheni ya Marekani ilikuwa imeonyesha Batman wa Adam West, aliyefanywa kichekesho cha rangirangi, na kwa miaka 20 mtu mzima aliyesoma komiki alichekwa kwa sababu hiyo. Halafu mwaka 1986 Frank Miller akatoa The Dark Knight Returns, Batman mzee, mwenye hasira, mji umeoza, na wasomaji wakahisi hatimaye kuna mtu anawachukulia kwa uzito. Miaka miwili baadaye wanaambiwa shujaa wao amepewa mchekeshaji. Mimi pia ningenunua stempu.

Kelele zilifika hadi kwenye kurasa za Wall Street Journal. Studio ikaingiwa na baridi, ikakusanya vipande vilivyokuwa vimeshapigwa na kutengeneza trela ya haraka haraka. Kilichotokea kinaeleza karibu kila kitu kilichofuata: watu walinunua tiketi za muvi nyingine kabisa ili waione hiyo trela, na ikiisha wanatoka.

Batman ilitoka tarehe 23 Juni 1989. Kwa siku tatu za kwanza ilikusanya zaidi ya dola milioni 40 Marekani na Kanada, rekodi wakati huo, na mwishowe ikafika kama milioni 411 duniani. Mara nyingi hii stori husimuliwa kama fundisho kwa mashabiki: mnaona, mlikuwa mnapiga kelele bure, Keaton alikuwa noma. Keaton alikuwa noma, kweli. Lakini mimi naisoma vingine. Wale walioandika barua hawakukaa nyumbani. Walienda, wengine kuhakikisha ni mbaya kama walivyosema, na kwa mashine ya kuhesabu pesa hakuna tofauti kati ya anayekwenda kwa mapenzi na anayekwenda kwa hasira. Barua 50,000 za bure zikageuka kuwa matangazo ambayo hakuna kampuni ingeweza kuyanunua.

Kuna jambo lingine kuhusu hizo milioni 411 ambalo mashabiki wa kupiga hesabu hulisahau. Michael Uslan na Benjamin Melniker ndio waliokuwa wamenunua haki za kumtengenezea Batman muvi mwaka 1979, na walihangaika miaka kumi kuifikisha kwenye pazia. Mkataba wao ulikuwa na mgao wa faida. Vitabu vya studio vilipofunguliwa, vikaonyesha kwamba Batman, muvi iliyotikisa dunia, ilikuwa bado ina hasara. Walikwenda kortini mwaka 1992 na wakashindwa. Kwa hivyo ukisikia mtu anasema muvi fulani imeingiza milioni fulani, jua kwamba hata waliokuwa na mkataba uliotiwa saini hawakuweza kuzigusa. Wewe na mimi je?

Huku kwetu Batman hakuja kwa tiketi. Alikuja kwa kanda, baadaye kwa DVD za 50 bob zilizorundika muvi nane kwenye sahani moja, na kwangu mimi hasa alikuja kupitia kibanda cha vidio cha mabati, shilingi 10 mlangoni, mabenchi ya mbao. Huo ndio ulimwengu uliomlea mtu kama DJ Afro, ambaye husimulia muvi ya Marekani kwa Kiswahili cha mtaa juu ya sauti za waigizaji, anawapa majina mapya, anawacheka, na stori inakuwa yake. Najua, kisheria ni balaa, na mwenye kazi hakulipwa. Lakini sijawahi kuona mahali ambapo maoni ya mtazamaji yalikuwa na nguvu kama pale. Muvi ikiboa, watu walipiga kelele, na mwenye kibanda akaitoa na kuweka ya Jet Li. Papo hapo. Wateja wake walikuwa mbele yake, na wangetaka shilingi zao.

Katika zile rekodi za mapato duniani, kibanda chetu hakimo. Mamilioni ya watu wa Afrika, na wa Asia pia, waliomjua Batman kwa njia kama hii, hawamo. Neno "duniani" kwenye hizo takwimu lina maana ya mahali palipo na mashine ya tiketi inayoripoti. Basi nikisikia Mkenya mwenzangu, aliyekulia kwenye mabenchi kama yale, anasema muvi ni nzuri kwa sababu takwimu zimesema, nashindwa kuelewa ni lini alihamia upande wa mashine.

Mwaka 1997 unafundisha zaidi. Batman & Robin ya Joel Schumacher, George Clooney ndani ya vazi lenye chuchu, Arnold Schwarzenegger akitema mizaha ya barafu. Watengeneza vichezeo walikuwa na neno kwenye mapambo na magari, na inaonekana. Lakini sasa mashabiki walikuwa na kitu kipya: intaneti. Tovuti ya Ain't It Cool News, iliyoendeshwa na Harry Knowles kutoka Austin, Texas, ilichapisha ripoti za watu walioiona muvi mapema, na ripoti zilikuwa chafu. Studio ikakasirika.

Na bado, wikendi ya kwanza ilifungua namba moja kwa karibu dola milioni 43. Zaidi ya ile ya 1989! Mtu wa takwimu angekuambia ni ushindi. Wikendi ya pili mapato yakaporomoka kwa zaidi ya asilimia 60.

Hapo ndipo penye siri yote. Tiketi hununuliwa kabla ya muvi kuonwa. Pesa za wikendi ya kwanza haziwezi kuwa maoni kuhusu muvi, kwa sababu aliyelipa hajaiona bado. Zinapima mabango, matumaini, hasira, uvivu wa Jumamosi na kumbukumbu ya ile iliyotangulia. Maoni huanza kuhesabika wikendi ya pili, baada ya mtu kutoka na kumwambia rafiki yake, "usiende". Batman ya 1989 ilishuka kwa kama robo tu wiki ya pili. Waliotoka waliwatuma wengine. Batman v Superman ya 2016 ilifungua kwa milioni 166 Marekani, ikaanguka karibu asilimia 70 wiki iliyofuata, na ikaishia na zaidi ya milioni 870 duniani. Namba kubwa, muvi ambayo watu walionyana kuihusu.

Schumacher baadaye aliwaomba radhi mashabiki waziwazi. Sijui mwelekezi mwingine wa kiwango chake aliyefanya hivyo kwa uungwana ule. Batman akakaa miaka minane nje ya sinema hadi Christopher Nolan alipomrudisha mwaka 2005.

Ya Heath Ledger mnaijua: alipotangazwa kuwa Joker mwaka 2006 alichekwa mtandaoni, akafariki Januari 2008 kabla ya The Dark Knight kutoka, muvi ikavuka dola bilioni moja na yeye akapewa Oscar akiwa kaburini. Baada ya hapo kila kelele ya mashabiki ikawa inajibiwa kwa jina lake. Ben Affleck akapingwa 2013, Robert Pattinson 2019, na kila mara kuna aliyesema, "hata Ledger mlimpinga". Kosa la mwaka mmoja likawa kifungo cha maisha kwa yeyote mwenye wasiwasi.

Halafu ikaja kampeni ya kutaka toleo la Zack Snyder la Justice League, ile iliyovurugwa 2017 baada ya Snyder kujiondoa kufuatia msiba wa binti yake. Miaka zaidi ya mitatu ya kelele, na Machi 2021 Warner wakalitoa, saa nne nzima, kwenye huduma yao ya HBO Max iliyokuwa inahitaji wateja. Wengi walikuwa mashabiki wa kweli, na walichangisha pesa nyingi kwa ajili ya kuzuia watu kujiua, jambo ambalo huwa halitajwi vya kutosha. Lakini mwaka 2022 jarida la Rolling Stone liliripoti uchunguzi ulioagizwa na studio, uliosema angalau asilimia 13 ya akaunti zilizoshiriki mazungumzo hayo zilikuwa feki. Soma hilo kisha umkumbuke yule mtu wa 1988 na kompyuta yake, ikipiga simu usiku kucha kwa senti 50.

Snyder alipata muvi yake, mashabiki wakapata ushindi wao, na studio ikapata wateja wa kulipia kila mwezi. Wote wakasema wamesikilizwa.

Jason Todd naye hakukaa kaburini. Mwaka 2005 mwandishi Judd Winick alimrudisha kwenye komiki, mtu mzima sasa, bunduki mkononi, kofia nyekundu kichwani, akimuuliza Batman kwa nini Joker bado yuko hai. Leo ana mashabiki wengi, wengine wakali kuliko wa Batman mwenyewe. Safari hii hakukuchapishwa namba yoyote ya simu.