Harrier na Lexus RX: Historia ya Uchaguzi kati ya Petroli na Haibridi

Desemba 1997 kampuni ya Toyota ilianza kuuza nchini Japani magari mawili yasiyofanana kwa lolote. Moja lilikuwa Prius, gari dogo lenye injini ya petroli ya cc 1,500 iliyoshirikiana na mota ya umeme na betri. Jingine lilikuwa Harrier, gari refu la kifahari aina ya SUV, lililotembea kwa petroli pekee. Prius lilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayehesabu kila lita ya mafuta. Harrier lilimlenga mwenye uwezo anayetaka nafasi, utulivu na hadhi. Teknolojia ya la kwanza ilipoingizwa katika bodi ya la pili mwaka 2005, mnunuzi wa SUV ya kifahari alikabiliwa na swali ambalo halikuwapo kabla: achukue ya petroli au haibridi?

Kabla ya Harrier, SUV nyingi kubwa zilijengwa juu ya chesi nzito kama ya lori. Land Cruiser ndiyo mfano unaofahamika zaidi. Magari hayo yalihimili mashimo na matope, lakini barabarani yalitikisika na kunywa mafuta mengi. Wahandisi wa Harrier walichukua msingi wa gari la kawaida la abiria, Toyota Camry, wakauinua na kuuvalisha bodi ndefu. Injini zilikuwa mbili: ya silinda nne yenye lita 2.2, na ya silinda sita, yaani V6, yenye lita 3.0. Machi 1998 gari hilohilo lilifika Marekani kwa jina la RX 300 chini ya Lexus, chapa ya kifahari ya Toyota. Wateja walilipenda kwa sababu lilikuwa na kimo cha SUV na ulaini wa saluni. Kizazi cha pili kilitoka mwaka 2003, na Marekani kikaitwa RX 330, kikiwa na V6 ya lita 3.3.

Wazo la kuchanganya petroli na umeme lilikuwa la zamani zaidi ya Toyota yenyewe. Mwaka 1900 mhandisi Ferdinand Porsche, akifanya kazi katika kampuni ya Lohner mjini Vienna, aliunda gari lililoitwa Semper Vivus. Injini zake za petroli zilizalisha umeme, na mota zilizofungwa ndani ya magurudumu ndizo zilizolisukuma. Lilikuwa zito na ghali. Petroli ilipozidi kupatikana kwa bei nafuu, na starta ya umeme ilipoanza kufungwa katika magari ya Cadillac mwaka 1912, gari la petroli pekee likawa rahisi kulitumia na lile la mseto likasahaulika. Mgogoro wa mafuta wa 1973 uliwakumbusha watu wazo hilo. Katika miaka hiyohiyo huko Marekani mhandisi Victor Wouk aligeuza Buick Skylark kuwa haibridi, lakini mradi wake haukufika sokoni. Ni mradi wa Toyota ulioanza mwaka 1993, ambao baadaye uliongozwa na Takeshi Uchiyamada, uliozaa Prius, haibridi ya kwanza kuuzwa kwa wingi.

SUV ya kwanza ya haibridi kuingia sokoni Marekani ilikuwa Ford Escape Hybrid, mwaka 2004. Kwa upande wa magari ya kifahari, nafasi hiyo ilichukuliwa na Lexus RX 400h, iliyofika katika majira ya kuchipua ya 2005. Japani iliuzwa kuanzia Machi mwaka huohuo kwa jina la Harrier Hybrid. Mfumo wake ulitumia V6 ya lita 3.3 pamoja na mota ya umeme mbele. Toleo lenye nguvu magurudumu yote manne lilikuwa na mota nyingine nyuma, iliyozungusha magurudumu ya nyuma bila shafti ndefu kutoka kwenye injini. Betri ya volti 288 iliwekwa chini ya kiti cha nyuma ili buti lisipungue. Dereva alipokanyaga breki, mota ziligeuka jenereta na kurudisha kwenye betri sehemu ya nishati ambayo katika gari la petroli huishia kuwa joto. Gari liliposimama kwenye taa au kusogea polepole, injini ilizimika na umeme ukashika kazi.

Namna hiyo ya kufanya kazi ndiyo iliyoamua nani angefaidika. Kwa vipimo rasmi vya Marekani vya wakati huo, RX 400h ilitembea takriban kilomita 13 kwa lita moja mjini, huku RX 330 ya petroli yenye nguvu magurudumu yote ikitembea chini kidogo ya kilomita 8. Kwenye barabara kuu haibridi ilipata takriban kilomita 11.5 na ya petroli takriban 10. Kwa kila kilomita 100, basi, mwenye haibridi aliokoa zaidi ya lita 5 mjini, lakini lita 1 tu na ushee barabara kuu. Sababu ni kwamba safarini breki hazikanyagwi mara kwa mara na injini haipati nafasi ya kuzimika, ilhali uzito wa mota na betri unabaki palepale. Gari lilelile lilikuwa faida kubwa kwa anayekaa kwenye foleni kila siku, na faida ndogo kwa msafiri wa mikoani.

Bei ya kuanzia ya RX 400h Marekani ilikuwa karibu dola 49,000, maelfu ya dola juu ya ile ya petroli. Akiba ya mafuta peke yake ilichukua miaka mingi kufidia tofauti hiyo, kwa hiyo Lexus iliinadi haibridi kwa nguvu pia: 268 za farasi dhidi ya 230 za RX 330. Hoja hiyo haikudumu. Mwaka 2006 ilitoka RX 350, yenye V6 mpya ya lita 3.5 na nguvu 270, na mnunuzi wa petroli akapata nguvu ileile kwa fedha kidogo. Toyota ilijibu mwaka 2009 kwa RX 450h. Injini yake ilitumia mzunguko wa Atkinson, ambao hufunga vali za kuingiza hewa kwa kuchelewa ili upanuko wa gesi baada ya mlipuko uwe mkubwa kuliko mgandamizo uliotangulia. Injini ya aina hiyo hubana mafuta lakini hupungukiwa nguvu, na pengo hilo huzibwa na mota. Kwa pamoja zilifikisha nguvu 295.

Serikali nazo zilikuwa na sauti katika uchaguzi huo. Marekani ilitoa nafuu ya kodi ya mapato kwa wanunuzi wa haibridi chini ya sheria ya nishati ya 2005. Mjini London, ambako tozo ya msongamano ilianza Februari 2003, haibridi zilisamehewa tozo hiyo kwa miaka kadhaa, na RX 400h ikawa njia halali ya kuingia katikati ya jiji kwa gari kubwa bila kulipa. Kwingineko Ulaya watengenezaji wengi walitegemea dizeli kama njia ya kubana mafuta. Porsche ilileta Cayenne ya haibridi mwaka 2010, lakini ni baada ya kashfa ya vipimo vya moshi wa dizeli ya Volkswagen, iliyofichuliwa Septemba 2015, ndipo kampuni za Ulaya zilipouelekea umeme kwa kasi. Nyingi zilichagua haibridi zenye betri kubwa inayochajiwa kwa waya, kama Range Rover P400e iliyotangazwa 2017.

Afrika Mashariki ililipokea Harrier kwa njia ya mitumba. Japani huendesha upande wa kushoto wa barabara, kama Kenya, Tanzania na Uganda, na usukani uko kulia. Ukaguzi wa lazima wa magari nchini humo, uitwao shaken, hufanyika miaka mitatu baada ya gari kununuliwa na kisha kila miaka miwili. Gharama zake huwafanya wengi wauze gari likiwa bado zima. Magari hayo hupita kwenye minada, hupakiwa melini na kushushwa Mombasa na Dar es Salaam. Harrier likawa gari la mtu aliyejikwamua: mfanyabiashara, daktari, ofisa. Mitaa ya Tanzania ililikubali kiasi cha kuyapa matoleo yake majina kama “tako la nyani” na “anaconda”.

Katika soko hili petroli ilishinda kwa muda mrefu, na injini ya silinda nne ya lita 2.4 ya kizazi cha pili ndiyo iliyoaminiwa zaidi. Spea zake zilipatikana kila mji na fundi wa kawaida aliweza kuifungua. Haibridi ilikuja na betri iliyokwisha kutumika miaka kadhaa Japani, na mnunuzi hakuwa na njia rahisi ya kujua imebakiza uhai kiasi gani. Betri hiyo hupozwa kwa hewa inayovutwa na feni kutoka ndani ya gari. Njia ya hewa ikizibwa na vumbi, betri hupata joto na kuchakaa mapema. Nyaya za volti kubwa zilidai vifaa na mafunzo ambayo gereji nyingi hazikuwa nayo. Hofu ya wanunuzi ilikuwa na msingi.

Ushuru uliiongezea hofu hiyo uzito. Kenya na Tanzania hupandisha ushuru wa bidhaa kwa kufuata ukubwa wa injini, hivyo Harrier Hybrid ya kwanza, yenye lita 3.3, iliangukia kundi la juu hata kama ilikunywa mafuta kidogo kuliko gari lenye injini ndogo. Kenya pia hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Tanzania hutoza zaidi kwa uchakavu. Hali ilianza kubadilika na kizazi cha tatu cha Harrier, kilichotoka Japani mwishoni mwa 2013. Toleo la petroli lilikuwa na lita 2.0, na haibridi, iliyofuata Januari 2014, ilikuwa na silinda nne za lita 2.5 badala ya V6. Nchini Kenya pengo la ushuru likapungua. Mafundi wa Nairobi na Dar es Salaam nao walikuwa wameanza kuizoea teknolojia hiyo kupitia magari madogo kama Aqua, Prius na Fit.

Mahali ambapo petroli ilijihami zaidi ni kwenye SUV za kazi ngumu. Lexus LX, ndugu wa Land Cruiser, haikupata haibridi hadi LX 700h iliyotangazwa mwaka 2024. Wahandisi wake walibakiza starta na alteneta za kawaida ili gari liweze kuendelea na safari kwa injini pekee mfumo wa umeme ukishindwa, na betri wakaifunga ndani ya sanduku lisilopitisha maji. Muundo huo unakubali wazi kwamba jangwani au msituni dereva huthamini kurudi nyumbani kuliko kubana mafuta.

Kwa RX swali lenyewe limebadilika. Kizazi cha tano, kilichotoka 2022, kiliiacha V6 kabisa. RX 350 ikabaki na petroli pekee, kwa injini ya silinda nne ya lita 2.4 yenye tabo. Pembeni yake kuna haibridi tatu: RX 350h ya kubana mafuta, RX 450h+ ya kuchajiwa kwa waya na RX 500h ya nguvu. Petroli, iliyokuwa chaguo la wengi mwaka 2005, sasa ni moja kati ya manne. Hata hivyo vigezo vilivyoamua wakati ule ndivyo vinavyoamua leo: gari linatembea mjini au safarini, ushuru unapimwa kwa kigezo gani, na fundi aliye karibu anaweza kutengeneza nini. Mnunuzi anayevijibu vitatu hivyo kwa ukweli, kabla ya kuangalia rangi na viti vya ngozi, huchagua gari litakalomfaa kwa miaka yote atakayolimiliki.