Jicho Lililofichwa na Mwenziwe

Wasikilizaji wetu, na ninyi mtakaoyasoma maneno haya kitabuni, leo twataka kueleza jinsi wataalamu walivyogundua, kidogo kidogo na kwa muda wa karne nyingi, sababu zinazomfanya mtoto mwenye macho yaliyo mazima kwa kuyatazama asione vema. Zaidi ya yote twataka kusema habari za mtoto ambaye jicho lake moja laona vema na la pili halioni. Maana huyo ndiye asiyetambulikana upesi, wala yeye mwenyewe hajijui.

Habari hii yaanza na nuru yenyewe. Zamani walikuwako wenye hekima waliosadiki kwamba jicho hutoa miali yake, ikaenda kuvigusa vitu kama mkono upapasao gizani. Ibn al-Haytham, mtu wa Basra aliyefariki Misri yapata mwaka 1040, aliipinga fikira hiyo, akaonyesha kwamba nuru hutoka katika vitu ikaingia machoni. Mwaka 1604 Johannes Kepler, mtaalamu wa nyota, aliongeza kwamba nuru hiyo hupindishwa ndani ya jicho, ikakusanyika nyuma kwenye utando mwembamba uitwao retina, na kuchora hapo picha ya kitu kinachotazamwa, nayo picha hiyo imepinduliwa, juu chini.

Ndipo watu walipopata kuelewa kazi ya miwani, ambayo ilikuwa ikivaliwa Italia tangu mwisho wa karne ya 13. Jicho likiwa refu kupita kiasi, picha hukusanyika kabla ya kuifikia retina, na mtu haoni vema vitu vya mbali. Likiwa fupi, nuru huifikia retina kabla picha haijakusanyika sawasawa, na jicho hulazimika kujikaza, hasa kwa vitu vya karibu. Kasoro ya tatu ni ya umbo: badala ya uso wa jicho kuwa wa mviringo kama mpira, huwa kama mgongo wa kijiko, uliojikunja zaidi upande mmoja kuliko upande wa pili, basi picha haikusanyiki mahali pamoja.

Tena macho mawili ya mtu mmoja si lazima yafanane. Mwaka 1743 Buffon, mtaalamu wa viumbe wa Ufaransa, aliandika kwamba makengeza mara nyingi hutokana na macho yasiyolingana nguvu, akashauri jicho lenye nguvu lifunikwe kwa muda ili lile dhaifu lilazimike kufanya kazi. Shauri hilo tutalikuta tena mbele.

Sasa tumtazame George Biddell Airy, mwalimu kijana wa Cambridge, Uingereza. Alikuwa msomi mkubwa wa hesabu, na kwa miaka mingi alikuwa amesoma vitabu vyake bila kulalamika. Halafu akatambua kwamba katika kusoma hakulitumia jicho lake la kushoto hata kidogo. Jicho la kuume ndilo lililofanya kazi yote. Hakuridhika kujua hivyo tu. Alitoboa tundu dogo katika karatasi ngumu, akalitazama kwa jicho lile dhaifu, akaona kwamba nukta ya nuru yageuka kuwa mstari. Akapima, akapiga hesabu, akamwagizia fundi wa Ipswich kioo ambacho upande mmoja kilichongwa kwa mfano wa bakuli na upande wa pili kwa mfano wa mfereji. Mwaka 1825 akawaeleza wataalamu wenzake jinsi kioo hicho kilivyolisaidia jicho lake. Baadaye akawa mkuu wa wapimaji wa nyota wa Greenwich, na mstari uliochaguliwa na mataifa mwaka 1884 kuwa mwanzo wa kuhesabia saa za dunia hupita katika darubini yake. Saa zetu za Afrika Mashariki, zinazotangulia saa za Greenwich kwa saa 3, zilitokana na mstari huo.

Basi na tuulize: ikiwa mtu mwenye elimu kama hiyo alifika utu uzima bila kujua kwamba jicho lake moja halimfai, mtoto wa darasa la kwanza atajuaje?

Katika karne ile ile vyombo vya kupimia vilipatikana. Mwaka 1851 Hermann von Helmholtz, Mjerumani, alitangaza kioo chake cha kuchungulia ndani ya jicho la mtu aliye hai. Mwaka 1862 Herman Snellen wa Utrecht, Uholanzi, alitoa ubao wa herufi zinazopungua ukubwa mstari kwa mstari, na ubao huo ungali ukitumika. Mwaka 1864 mwenziwe Franciscus Donders alitoa kitabu kilichozipanga kasoro zote hizi kwa taratibu. Kisha Hermann Cohn, daktari wa Breslau, akaingia mashuleni, akawapima wanafunzi 10,060, akatangaza habari zake mwaka 1867. Katika shule za vijijini wasioona mbali hawakufika 2 katika kila 100. Katika shule za juu walizidi robo ya wanafunzi wote. Tangu hapo watu wakafahamu kwamba afya ya macho ni shauri la shule pia, wala si la hospitali peke yake.

Lakini jambo moja lilibaki kuwa fumbo. Kwa nini jicho dhaifu lisipotibiwa utotoni, mara nyingi halioni vema hata likivishwa miwani ukubwani? Jibu lilipatikana Marekani. Mwaka 1963 David Hubel na Torsten Wiesel walieleza jinsi walivyofumba jicho moja la paka wachanga kwa muda. Walipolifumbua, jicho lenyewe lilikuwa zima, lakini ubongo ulikuwa umeacha kulisikiliza. Walipofanya vivyo kwa paka wazima, dhara ile haikutokea. Mwaka 1981 walipewa Tuzo ya Nobel. Ndivyo ilivyo kwa mtoto: jicho moja likileta picha safi na la pili picha ya ukungu, ubongo huishika iliyo safi na kuiacha ya pili, na jicho lililoachwa huwa jicho vivu. Samaki mkunje angali mbichi.

Nayo dawa yake si ngumu. Kwanza ni miwani iliyopimwa sawasawa. Watoto wengine hupona kwa hiyo peke yake. Isipotosha, jicho zima hufunikwa kwa saa kadhaa, kama alivyoshauri Buffon. Uchunguzi uliotangazwa Marekani mwaka 2003 ulionyesha kwamba, kwa watoto wasiofika miaka 7 ambao ugonjwa wao ni wa kadiri, saa 2 kwa siku zafaa sawa na saa 6. Na uchunguzi wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba hata baada ya miaka 7 wengi huweza kusaidiwa. Kwa hiyo mzazi aliyechelewa asikate tamaa, ila asizidi kuchelewa.

Sisi walimu na wazazi tuna kazi ndogo isiyohitaji fedha. Mtoto asimame mahali pamoja, asome ubaoni jicho la kushoto likiwa limefunikwa kwa kiganja, kisha lifunikwe la kuume. Mtoto asiyejua kusoma na aonyeshwe picha au vidole. Akishindwa kwa jicho moja, asikemewe wala asiitwe mvivu, bali apelekwe kwa daktari wa macho. Jaribio hili halishiki mahali pa kipimo cha daktari, lakini laweza kulifichua jicho ambalo mwenziwe amelificha kwa miaka mingi.

Mtoto huyo hatakuja kwetu kulalamika, kwa kuwa hajapata kuona kwa macho mawili hata ajue alichokosa. Basi sisi na tumwendee kwanza. Kwaherini.